Zizi Lililotundikwa Darini

Hapa Mhunze wanasema mwanangu Masalu alifukuzwa kazi chuoni kwa wizi. Wengine wanaojifanya wana huruma wanasema ni pombe. Masalu hanywi, na kitu pekee alichowahi kuiba ni maziwa ya kibuyuni kwangu akiwa na miaka sita, nikamchapa, yakaisha. Mimi ni Paskazia, mama yake. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kalamu inanichosha vidole, lakini hili nitaliandika mpaka mwisho, ili anayetaka kumsema mwanangu amseme kwa lililotokea.

Alizaliwa mwaka wa njaa. Mwezi huohuo ng'ombe wetu mmoja akazaa ndama jike, mwekundu, mbavu nje, tukamwita Nzala, ndiyo njaa hiyo kwa Kisukuma. Majirani walisema wote wawili hawatafika mvua, mtoto na ndama. Walifika. Baba yake, marehemu Nkwabi, alikuwa akiwatazama anacheka: "Hawa wamekuja kula, hawakuja kufa."

Nkwabi alifariki Masalu akiwa darasa la nne. Akaniachia mtoto mmoja na zizi. Idadi ya ng'ombe sisemi. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwanyooshea kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umewaitia maradhi. Ng'ombe wanaitwa. Jioni unasimama langoni, na kila mmoja ana pahali pake pa kulala, kuzunguka boma lote la minyaa. Unaanzia mkono wa kulia wa lango: Lugembe, aliyekuwa na pembe kali kama wembe. Milembe, mpole hata mtoto mchanga ungemlaza chini yake. Ng'weji, mwenye mwezi mweupe kwenye paji. Mbula, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Unakwenda hivyo ukizunguka mpaka unarudi langoni mkono wa kushoto, kwa Nzala, aliyependa kulala wa mwisho, ubavu wake umegusa uzio. Ukiita jina ukakuta pahali pake patupu, umejua nani hajarudi na umtafute wapi. Masalu alijua mwito huo kabla hajajua kusoma.

Ng'ombe hao ndio waliomsomesha. Wajomba zake walikuja kuniambia nimwachishe shule achunge, mali ya ndugu yao isiteketee kwa madaftari. Niliwapa uji, wakanywa, nikawaonyesha njia. Lugembe alikwenda mnadani Masalu alipoingia kidato cha kwanza. Milembe alikwenda kidato cha tano. Chuo kikuu kilikula upande mzima wa kulia wa zizi. Ukame ukala waliobaki, wa mwisho akawa Nzala, mzee, meno yameisha. Huyo sikumuuza. Alifia pale pale kwenye uzio wake, na Masalu alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta na mitandao. Nilimpigia simu kumwambia.

"Mayu," akasema, ndiyo mama hiyo kwetu, "sasa zizi lote liko kichwani kwangu."

"Basi likalishe," nikamwambia.

Kazi haikuja upesi. Miaka miwili alikaa Geita akitengeneza simu za wachimbaji, kibanda chake kikiwa kando ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Vumbi lile lilimkaa kifuani. Simu zilipokosekana alishuka duara, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu, akabeba viroba vya mawe mgongoni, kijana wangu mwenye shahada. Alikuwa anarudi Krismasi na mikono migumu kuliko yangu. Sikumwonea huruma mbele yake. Nilimwambia tu, "Ng'ombe wangu hawakwenda mnadani ili ubebe mawe."

Halafu akapata. Kampasi ya chuo kimoja upande wa Kagongwa, jina silitaji, maana pale wapo pia watu wema. Walimkabidhi mtandao wa waifai wa kampasi nzima. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kukaa kivulini. Ngoja nikueleze nilivyoonyeshwa.

Kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi, na ndani ya kabati la chuma limelala boksi jeusi, jembamba. Hilo linaitwa kontrola. Nje, kwenye madarasa, maktaba, bwalo na mabweni, kuna visahani vyeupe vimebandikwa darini, kila kimoja na kitaa chake kidogo. Mwanafunzi akiwasha simu, kisahani kilicho karibu kinamshika. Akitoka maktaba kwenda bwaloni, kile kinamwachia, kingine kinampokea, na yeye hajui kitu, anaendelea kucheka na simu yake. Kontrola ndiyo inayoamua nani ampokee nani, na kisahani kipi kipaze sauti na kipi kishushe kisimsumbue jirani yake. Visahani havina akili. Akili ni ya kontrola, na akili ya kontrola ni ya anayekaa nayo.

Masalu alipofika alikuta balaa. Mafundi wa mzabuni walikuwa wametundika visahani wakaondoka bila kuacha ramani. Vingine walivificha juu ya jipsamu, havionekani kabisa. Kwenye kompyuta kila kimoja kilikuwa na jina la kiwandani, mlolongo wa herufi na tarakimu. Kikizimika kimoja, kompyuta inakuambia hilo jina la kiwandani limezimika, lakini liko wapi? Hakuna ajuaye. Kwa hiyo Masalu alibeba ngazi miezi mitatu. Anazima kimoja, anazunguka majengo yote akitafuta kitaa kilichokufa. Anapanda, anaingia darini kwenye kinyesi cha popo, anakipata, anashuka. Kesho kingine. Alipovijua vyote, akavipa majina.

Alinichukua nikakae naye wiki mbili wakati wa likizo, wanafunzi hawapo. Siku ya pili akanitembeza. Kampasi ile majengo yake yamezunguka uwanja, na lango moja tu. Tulipoingia langoni akasimama, akaniangalia kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Mayu, mkono wa kulia, jengo la kwanza. Tazama juu. Unamwona nani?"

Nikatazama. Kisahani cheupe, kitaa kinapepesa.

"Namwona nani wapi? Naona sahani imebandikwa pasipo na wali."

"Wa kwanza mkono wa kulia wa lango, mayu."

"Lugembe," nikasema.

Akafungua kompyuta yake pale pale barazani, akanionyesha. Kusoma jina moja naweza. Lilikuwa limeandikwa: Lugembe.

Tukazunguka. Sikuhitaji kuambiwa. Maktaba, Milembe. Juu ya ngazi, Ng'weji. Nilikuwa naita, yeye anatazama kompyuta na kucheka. Darasa kubwa nikamkuta amekosea. "Mbula hakulala pale," nikamwambia. "Pale alikuwa yule dume wa madoa, na Mbula alikuwa mbele yake. Ungewaweka hivyo wangepigana." Akabisha. Nikamwambia nani alikuwa anaokota kinyesi zizini, mimi au yeye? Akabadilisha majina yale mawili tukiwa tumesimama. Mwisho tukafika mkono wa kushoto wa lango, bweni la wasichana. Akanipeleka mpaka chumba cha kuwekea mafagio, mwisho wa ukumbi, dari imezibwa, huoni chochote.

"Yuko juu hapo," akasema. "Hata mafundi walimsahau. Nilimpata wa mwisho."

"Nzala."

"Nzala."

Nikaweka kiganja ukutani. Mtanicheka. Chekeni.

Pale ndipo nilipomfahamu Safiya, binti wa kazini kwake, msaidizi wake, mtoto wa wauza vitambaa wa Shinyanga mjini. Alinipigia goti, shikamoo mama, akaniletea chai ya tangawizi. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi Masalu alivyofanya kazi. "Mama, huyu kaka asubuhi hasomi idadi. Kompyuta inamwandikia kabisa vingapi viko hewani, hatazami. Anaanza langoni anaita kwa mdomo. Akifika mahali akanyamaza, mimi nachukua ngazi."

"Majina yote unayajua na wewe?" nikamuuliza.

"Ya upande wa maktaba tu, mama. Mengine ananambia tutaandika, tutaandika."

Hilo ndilo kosa lake, na mimi nalitaja kwa sababu sijaja hapa kumpaka mafuta. Hakuandika. Ramani ilikuwa kichwani kwake na kichwani kwangu. Kwetu nani aliwahi kuandika zizi kwenye karatasi?

Miaka minne mambo yalikwenda. Wanafunzi walimwita Baba Waifai. Aliniezekea nyumba bati. Nilitembea Mhunze nimeinua shingo, na sikuwahi kuishusha kwa ajili ya mtu.

Kisha akaja mkuu mpya wa tehama, anaitwa Stanslaus. Mwenyeji wa wapi sijui na sitaki kujua. Yaliyofuata nimeyapata kwa Safiya, aliyekuwepo. Wiki ya kwanza Stanslaus aliwaita kwenye kikao, akawasha ile orodha ukutani mbele ya watu wote.

"Hii nini? Milembe. Mbula. Nzala. Nani ana kichaa hapa?"

Masalu akasema, "Ni majina ya vifaa, mkuu. Yana mpangilio. Unaanzia langoni kulia."

"Mpangilio! Ndugu, umeajiriwa kusimamia mtandao au kuchunga?"

Watu wakacheka. Masalu naye akacheka, maana ana adabu. Akaagizwa abadilishe yote yawe jengo, ghorofa, chumba. Akakubali, akaomba asubiri mitihani iishe, kwa sababu mitihani yao inafanywa kwenye kompyuta kwa mtandao huohuo, na alitaka avipange visahani upya katika makundi kwa wakati mmoja, na kisahani ukikihamisha kundi kinajizima na kuwaka tena. Stanslaus akamwambia, "Mchungaji anaogopa mvua."

Wiki ya mitihani yenyewe, Stanslaus akasikia wakubwa wa makao makuu wanakuja. Akataka kontrola iwekewe programu mpya waikute inang'aa. Masalu akamkatalia. Alimwambia kontrola ikimeza programu mpya, inavilisha na visahani vyote kwa mpigo mmoja, na waya wa mabweni ni mwembamba, vingine vitakwama na mate mdomoni. Akasema tusubiri likizo. Stanslaus akasubiri Masalu aende kula, akabonyeza mwenyewe.

Saa saba mchana. Zizi lote likazimika. Wanafunzi wako katikati ya mtihani wa takwimu, vioo vikaganda, mabinti wakalia. Baada ya nusu saa ng'ombe wa darini wengi wakaanza kurudi hewani mmoja mmoja. Wengine hawakurudi. Hao ilibidi mtu apande kwa ngazi akawaamshe kwa mkono, na aliyejua walipo alikuwa mmoja tu, naye jioni ile alipewa barua ya kusimamishwa kazi na askari wa lango akaambiwa asimruhusu kuingia.

Stanslaus aliiambia kamati ya nidhamu kwamba Masalu ndiye aliyeharibu, na zaidi ya hapo, kwamba majina ya ng'ombe ni kufuli. Kwamba aliyaweka makusudi ili chuo kisiweze kuishi bila yeye. Hapo ndipo mwanangu alipojibu neno ambalo Safiya alinisimulia na mimi silisahau. Alisimama mbele ya kamati akasema, "Kama ni siri, nifukuzwe leo. Lakini nina mama yangu Mhunze, mzee, hajawahi kufanya kazi hapa, hajui kompyuta inawashwaje. Mleteni. Mpeni orodha asome majina. Akishindwa kuwaonyesha kimoja kilipo, mimi ni mwongo."

Kamati ikakubali. Ikasema Masalu asizungumze nami kabla, ili asinifundishe, na kikao cha mwisho ni keshokutwa. Masalu akazima simu yake mbele yao, akaiweka mezani. Ndivyo nilivyomlea.

Gari lilifika kwangu kesho yake, kabla ya saa nne. Nilikuwa napepeta mtama. Safiya alishuka mbio, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Masalu mgonjwa?"

"Hapana mama." Akanieleza yote, kama nilivyokueleza, anahema. Mwisho akanishika mikono. "Mama, ukija ukaonyesha, Masalu anarudi kazini. Watu wawili wa kamati wameshaniambia. Ni wewe tu, mama."

Kwa hiyo nilijua. Sitasema sikujua.

Nikamuuliza, "Na yule ndani ya gari?"

Stanslaus alikuwa amekaa kiti cha mbele, kioo juu, injini inanguruma, anaandika kwenye simu. Mtu wa umri wa kuwa mwanangu. Yuko kwenye uwanja wangu, magurudumu yamekanyaga mtama wangu ulioanikwa, na hajashuka.

"Mkuu wetu, mama. Ametumwa na kamati ashuhudie."

"Mwambie ashuke anisalimie."

Safiya alikwenda, akagonga kioo. Nikaona wanabishana. Kioo kikashuka kidogo, upana wa viganja viwili.

"Bibi!" akaita yule bwana. "Panda gari twende, tuna haraka. Nasikia wewe ndiye unawajua ng'ombe arobaini na saba?"

Akataja idadi. Kwa sauti, juu ya uwanja wa Nkwabi.

Nikamwambia, "Baba, ulikotoka hakuna wazee?"

"Bibi, mimi sikuja kwenye mahari hapa. Nimekuja kikazi. Unapanda hupandi?"

"Wewe ulizaliwa au uliokotwa?"

"Mama," Safiya ananong'ona, "mama nakuomba, kwa ajili ya Masalu."

"Ng'ombe wangu hawaonyeshwi mgeni asiyesalimu," nikasema, kwa sauti asikie vizuri. "Shuka, toa shikamoo, uombe kwa mdomo wako. Ukishindwa, rudi ukatafute sahani zako na ngazi."

Alicheka. Akapandisha kioo. Safiya alibaki amesimama analia, mpaka honi ikalia mara mbili, akaenda. Nilisikia kioo kikishuka tena na sauti ikisema, "Umesikia mwenyewe. Shahidi amekataa. Andika hivyo."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wananihukumu bila kunielewa. Mimi sikukataa. Kwetu mtu mwenye shida harudi nyumbani kwa neno la kwanza. Hata mposaji siku ya kwanza hukaliwa kimya, siku ya pili husemwa vibaya, siku ya tatu ndipo anapewa kiti. Asiyerudi hakuwa na shida. Mimi nilikuwa na kitu wanachokitaka, nikajua watarudi, safari hii yule bwana amefundishwa adabu njiani. Usiku ule nililala nikiita zizi lote kimoyomoyo, nisije nikakosea hata mmoja mbele ya kamati.

Asubuhi ya siku ya kikao nilioga kabla ya jua. Nikavaa kitenge cha Pasaka. Nikachinja jogoo, maana wageni wangekuja na njaa. Nikakaa kwenye kigoda nje, mkoba mapajani. Jirani yangu Bernadina akachungulia juu ya ua.

"Mama Masalu, unaolewa leo?"

"Ningeolewa ungekuwa wa kwanza kuchangia. Nangoja gari la chuo."

"Lije kufanya nini?"

"Kuniomba."

Saa nne ikapita. Saa sita. Mchuzi ukapoa, ukaganda mafuta juu. Bernadina akaja akaketi pembeni yangu. Saa tisa akasema, "Panda bodaboda, uende mwenyewe mpaka barabarani, ukapate basi." Nikamwambia mimi si mtu wa kujipeleka. Jua lilipoelekea kuzama nikavua kitenge, nikakikunja. Jogoo tulimla wawili.

Kamati ilikuwa imekaa saa tatu asubuhi. Walisoma karatasi ya Stanslaus: shahidi wa mtuhumiwa alifuatwa, alikataa. Safiya alijaribu kueleza, akaambiwa yeye ni msaidizi, hana sauti. Masalu aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema, "Mama yangu amekataa?" Wakamjibu amekataa. Akasema hana la kuongeza. Wakamfukuza kazi kwa kuficha taarifa za ofisi. Pombe haimo, wizi haumo. Barua ninayo sandukuni, atakaye aje aisome.

Alikuja nyumbani siku ya tatu na begi moja. Nilimpa maji ya kuoga, nikampa chakula. Alipomaliza akanawa, akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Mayu, bado uliwajua?"

"Wote."

"Mpaka Nzala?"

"Mpaka Nzala. Chumba cha mafagio, bweni la wasichana, juu ya dari."

"Safiya alikuambia ni kwa ajili ya kazi yangu?"

"Aliniambia."

"Ikawaje?"

"Hakunisalimia, mwanangu. Alikaa garini akanitajia idadi ya ng'ombe." Akawa ananitazama. Nikaongeza, "Nilidhani watarudi."

Masalu alitazama nje, lilipokuwa zizi. Minyaa imebaki, katikati nimepanda viazi vitamu.

"Mtu kama yule harudi, mayu," akasema. "Mimi nilikuwa namsalimia kila siku, haitikii. Na kazini nikawa naenda hivyohivyo."

Nilitaka kumwambia neno. Lilifika hapa kooni. Nikamwambia aongeze mboga.

Asubuhi aliondoka kwenda Geita. Hakuna chuo kilichomtaka na barua ile. Kibanda cha simu alikuta mwingine amekishika, sasa yuko kwenye duara, anashika winchi ya kuwateremsha wenzake na kuwapandisha. Safiya aliwahi kwenda kumwona. Alinambia kabla ya kuwafungia kamba anawaita kwa majina mmoja mmoja, na jioni anawaita tena, na mwenye duara anamcheka. Kifua kimerudi kile cha vumbi. Ananitumia salamu kwa watu. Mwenyewe hupiga mara chache.

Kule chuoni walileta mafundi kutoka mbali, wakafumua dari nusu ya kampasi, wakavipata visahani, wakavibandika namba. Stanslaus alipandishwa cheo, akahamishwa. Vyote wakavipata isipokuwa kimoja. Safiya alinipigia kunieleza. Kwenye orodha yote ya namba kuna jina moja limebaki katikati, Nzala, mara lipo hewani, mara limepotea, na mabinti wa bweni lile wanahangaika. Wameshika waya wakaufuata, umeingia ukutani ukapotelea humo. Masalu hawathubutu kumuuliza.

"Mama, wewe unajua," akasema.

"Najua."

"Utaniambia?"

"Hapana."

Sikumficha Safiya kwa chuki. Lilikuwa limebaki jina moja la kwetu mle ndani. Nikisema, watalifuta. Nilikaa hivyo miezi saba. Kila Safiya akipiga ananisalimia, tunaongea mvua, tunaongea bei ya mtama, hagusi jambo lile tena, na mimi siligusi.

Krismasi hii Masalu hakuja. Alipiga simu. Nyuma yake karasha zinasaga, ilibidi apaze sauti.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula, mayu. Safiya anasema Nzala bado yupo."

"Yupo. Nimemweka."

Akakohoa, akakohoa tena. "Waambie, mayu."

"Wakamfute?"

"Wamfute. Kuna mabinti pale wanasoma, wazazi wao nao wameuza ng'ombe. Waambie."

"Masalu," nikasema. Lile neno likaja tena kooni, na safari hii nililisukuma mpaka kwenye meno. "Siku ile ningepanda gari."

Karasha zilikuwa zinasaga. Sijui kama alisikia. Akasema, "Haya mayu, zamu yangu inaanza," na simu ikakatika.

Nikampigia Safiya palepale. Alipopokea sikungoja shikamoo yake. Nikamwambia: bweni la wasichana, mkono wa kushoto wa lango, mwisho wa ukumbi, chumba cha mafagio, toboa dari juu ya mlango. Akaanza kunishukuru, analia tena, yule mtoto. Nikakata.

Kesho yake alinitumia ujumbe kwamba wamekipata, wamekisafisha, kinafanya kazi vizuri, na wamekipa namba. Namba yenyewe sikuuliza.